Chupa Kumi Alizoosha Bibi

Nyumba ya Seremala,
Nyuma ya ghala la mbao,
S.L.P. 317.
Alhamisi, 14 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, mguu umeunyoosha juu ya kiti kama ulivyoagizwa, wala hujasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa unawahesabia watu vidonge. Mguu wenyewe unaendeleaje? Umeshaiacha ile fimbo? Bibi anasema mtu aliyeteguka kifundo asipande ngazi mpaka mwezi uandame mara mbili, na amenitaka niandike hivyo hivyo, neno kwa neno. Nimeandika.

Sisi huku wazima. Baba anakohoa vumbi la mbao na bado hataki kujifunga kitambaa puani. Mama amenenepa kidogo na amekataza isiandikwe. Bibi ana nguvu kuliko sote, jana kamfukuza fundi bomba aliyeingia uani na viatu vya matope. Mimi mwili wangu hauna tatizo lolote.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Simu iliyopo ni ya Baba, na kaka yako unamjua, hawezi kuongea na simu bila kuweka spika na kuita ukoo mzima uje usikie. Wiki iliyopita uliponiita kwa jina ulilonipa na kuuliza, "Kwanini wangu, mafunzo yanakwendaje?" watu wanne walikuwa wamenikodolea macho wakisubiri nijibu. Nikasema yanakwenda vizuri sana. Uliposema sauti yangu kama ya mtu mwenye mafua, nikasema ndiyo, nina mafua. Sikuwa na mafua, Shangazi.

Ninalotaka kukuambia halisemeki kwenye spika. Barua hii itakufikia Jumamosi imeshapita, kwa hiyo ushauri wako hautanikuta, na wala siuombi. Nataka tu mtu mmoja katika ukoo huu ajue. Nimeingia mahali ambapo mlango wa kutokea siuoni, na kila mtu ninayempenda amekaa mbele ya mlango huo akinipigia makofi.

Nianze mwanzo. Wewe ndiye uliyenitumia lile tangazo la mafunzo ya likizo kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma sayansi, na wewe ndiye uliyenifanya niandike insha ya maombi mara tatu, ya tatu nikilia. Tuliomba zaidi ya mia, wakachukua kumi na wawili. Wengine wamepelekwa karakana ya umeme, wengine kwenye kompyuta. Mimi na msichana mmoja tunayemwita Kikokotoo, kwa sababu hugawanya kichwani kabla hujamaliza kusoma swali, tukapangiwa maabara ya maji.

Ndiyo, maabara ile ile. Nilipomwambia Bibi nimepangiwa wapi, alikaa chini. Miaka ishirini na sita alifua makoti ya watu wa jengo lile, wewe ukimsaidia kubeba mafurushi, na sidhani kama mliwahi kupita kibaraza cha nyuma. Basi nikueleze ndani. Ni chumba kirefu, madirisha yamepigwa misumari ili vumbi lisiingie, na mlango una springi, ukiuachia tu unajifunga wenyewe nyuma yako. Jokofu linanguruma siku nzima. Koti nililopewa ni la mtu mnene, nimekunja mikono mara mbili. Ukutani kuna karatasi kubwa yenye mistari, na kila siku unasimama mbele yake kuandika namba zako kwa kalamu ya kijani, wote wakikuona.

Kazi yangu ni hii. Asubuhi napita kwenye mabomba kumi ya mtaa wa juu, kila bomba najaza chupa yake, kisha nakimbilia maabara. Kule natia kidonge kwenye maji. Maji yenye klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu wanayotia kwenye tangi, yanageuka rangi ya waridi. Unalinganisha rangi na kadi, unasoma namba. Maji yasiyo na klorini yanabaki vile vile yalivyotoka bombani. Kikokotoo anafanya hayo hayo mtaa wa chini.

Kuna sheria moja waliyotuimbisha siku ya kwanza kama wimbo wa chekechea: kabla ya kuijaza chupa, isuuze mara tatu kwa maji ya bomba lile lile, uyamwage. Kumwaga ndiko kulikoniponza. Mtaa wa juu maji hutoka kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, na foleni ya madumu inaanza kabla jogoo hajakohoa. Siku ya pili mzee mmoja alinishika mkono: "Binti, sisi tunakinga tone kwa tone, wewe unamwaga?" Foleni nzima ikamuunga mkono. Siku ya tatu nikasuuza mara moja. Siku ya nne nikaacha kabisa. Nilijiambia chupa ni safi, unaweza kujiangalia humo kama kwenye kioo.

Na kweli zilikuwa safi, kwa sababu zilikuwa zimeoshwa na mama yako. Tulitakiwa kuziosha wenyewe, kwa maji matupu, tuziache zikauke kichwa chini. Siku ya kwanza Bibi akaniona nimezitia kwenye karai, akaninyang'anya. Akasema mimi nijue kusoma, watu wa maabara wanataka nini anajua yeye. Tangu siku hiyo, kila jioni anaketi uani kwenye kigoda, brashi mkononi, chupa kumi mbele yake, anaimba zile nyimbo zake za kufulia. Mimi nikawa ndani naandika ripoti, napikiwa chai, naambiwa nisisumbuliwe. Ilikuwa raha, sikatai.

Siku tatu za kwanza tulijifunza kujaza chupa tu; tulipoanza kupima, namba zangu zikatoka nzuri. Nukta tatu, nukta tatu, nukta tatu, bomba baada ya bomba, siku baada ya siku. Za Kikokotoo zilikuwa zinayumba kama mlevi, leo nukta nne, kesho nukta moja, mpaka tukamwonea huruma. Mkuu wa maabara, mzee tunayemwita Miwani Mbili kwa sababu moja huivaa machoni na nyingine huisahau juu ya kichwa, alisimama mbele ya karatasi yangu akasema namba hizi zimenyooka kama zimepigwa pasi, huyu ana mkono wa kazi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi. Aliirudia ile ya pasi kwa kila aliyepita mlangoni, hata muuza mkaa.

Ijumaa iliyopita chupa ya bomba la saba ilipasuka mdomo. Nikachukua mpya stoo, haijawahi kuliona karai la Bibi. Nikajaza, nikaenda nayo, nikatia kidonge. Maji hayakubadilika. Nikatia cha pili kwenye maji mengine ya chupa ile ile. Yako vile vile. Cha tatu, hivyo hivyo. Zile tisa zilikuwa za waridi kama kawaida, na ile moja imekaa katikati yao haina rangi.

Sasa soma hapa polepole, Shangazi, maana hapa ndipo penye aibu yangu mwenyewe. Saa ya kuandika ilifika. Watu walikuwa nyuma yangu. Nilishika kalamu ya kijani, na kwenye bomba la saba nikaandika nukta tatu. Nilijiambia vidonge vimeharibika. Vidonge vya pakiti moja, tisa vizima na vitatu vibovu! Wewe uliyenipa jina la Kwanini kwa sababu nilikuwa nauliza mpaka unaniziba mdomo kwa mkate, siku hiyo sikuuliza.

Jioni nikaenda kusimama uani nimwangalie Bibi kwa mara ya kwanza. Anasugua, anasuuza, yote sawa. Kisha akavuta ndoo nyingine, akatia kifuniko kimoja cha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akazitumbukiza chupa moja moja, akazitoa na kuzifunga kifuniko zikiwa bado na maji kidogo ndani. "Ili uchafu usirudi," akaniambia. Ndivyo alivyomalizia makoti maisha yake yote. Wewe mfamasia umeshanielewa. Dawa ile ni klorini. Wiki nne nimekuwa nikipima ndoo ya Bibi.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na sikuombi pole. Ningesuuza mara tatu kama nilivyofundishwa, dawa ya Bibi ingemwagika yote pale bombani, isingebaki hata harufu. Yeye kaosha kwa mapenzi, mimi nimeruka sheria kwa kuogopa maneno ya foleni.

Kama ingekuwa ni alama za darasani ningekaa kimya, nakuambia ukweli. Lakini kwenye tangi la mtaa wa juu kuna mashine ndogo inayotia klorini, na mafundi walipangiwa kuikagua mwezi huu. Mhandisi alikuja, akaangalia karatasi yangu, akasema huku kuko salama, tushughulike na mtaa wa chini ambako namba zinayumba. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Mashine haikukaguliwa kwa sababu yangu, na watu wanakunywa.

Kwenye bomba la saba kuna mama mmoja wa mapacha. Ndiye pekee kwenye foleni asiyeninung'unikia, hunipisha mbele na kuniita daktari. Kila asubuhi ananiuliza, "Daktari, maji yetu salama?" na kila asubuhi nasema salama, mama. Jumatatu alikuja na pacha mmoja, mwingine kamwacha ndani, tumbo linamsumbua. Akaniuliza vile vile. Nikasema salama. Sijui kama ni maji, Shangazi. Watoto wanaumwa matumbo kwa mambo mengi, huenda ni embe bichi. Lakini neno lile nimelala nalo siku tatu na bado liko mdomoni.

Na wiki hii pia sijasuuza, maana nikisuuza rangi itapotea na karatasi ya ukutani itasema kabla yangu. Kwa nini basi sisemi? Njoo ukae kwenye nyumba hii siku moja utaona. Jumamosi ndiyo siku ya kufunga mafunzo, wageni wanakuja, na mwanafunzi mmoja wa maabara ya maji atapewa nafasi ya kubaki miezi sita baada ya mtihani wa mwisho. Ile nafasi uliyosema ndiyo ngazi ya chuo. Bado haijatangazwa, lakini Miwani Mbili ameshaniambia niandae maneno machache ya shukrani. Baba ametengeneza fremu ya cheti. Ameipiga msasa, ameipaka vanishi, na ameshaitundika sebuleni, juu ya saa, tupu. Kila nikila naitazama, imezunguka kipande cha ukuta. Mama kanishonea gauni na lina vifungo mpaka kooni. Majirani wanapita kunipongeza, nami natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Hayo yote ningeyabeba. Nisichoweza kukibeba ni Bibi. Barua ya mwaliko inasema wazazi na walezi waingie kwa mlango mkuu. Nilimsomea mwenyewe. Aliniomba nirudie hapo kwenye mlango mkuu, nikarudia. Tangu hapo viatu vyake vyeusi viko kizingitini, vimepakwa rangi mara tatu, na kila siku ananiuliza kama ngazi za mbele zina kishikio. Miaka ishirini na sita ya kibaraza cha nyuma! Sasa mimi nimwendee nimwambie, Bibi, kilichoharibu ni chupa zako?

Nimejaribu, usidhani sijajaribu. Jumanne nilimweleza Mama jikoni, nusu tu, akaweka mwiko chini. "Hebu nyamaza. Unataka kumuua bibi yako kwa ajili ya maji? Mwambie baada ya Jumamosi." Jumatano nikamfuata Miwani Mbili mlangoni kwake, nikasema namba zangu nina wasiwasi nazo. Alicheka, akasema wasiwasi ndio akili, na kwamba kila mwanafunzi mzuri hutetemeka karibu na siku ya wageni. Simu yake ikalia. Mlango ukajifunga wenyewe na mimi nimebaki nje.

Nikisema, nimemvua mama yako nguo hadharani. Nikinyamaza, mapacha wa bomba la saba wanakunywa. Nikisema nusu, kwamba sikusuuza, bila kutaja dawa, wataniuliza klorini ilitoka wapi, na mimi sijui kudanganya mara mbili mfululizo, ya kwanza tu imenikondesha. Maji yamenifika shingoni, na kwa jinsi ninavyoyajua maji yenyewe, hayana hata dawa.

Naiacha barua hapa. Mama ananiita nijaribu gauni.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Shangazi, naendelea. Sikuipeleka posta asubuhi kwa sababu asubuhi haikwenda kama asubuhi nyingine.

Niliamka nimepiga moyo konde kwamba nitasema, lakini nitasema kwa namna yangu: nitasema chupa niliziosha mimi, na dawa niliitia mimi, kwa ujinga. Bibi atabaki na mlango wake. Nikatoka uani kuchukua kikapu. Bibi alikuwa anazifuta chupa kwa nje kwa upindo wa khanga yake, moja moja, akiziinua kwenye mwanga. Akaniuliza kwa nini siku hizi nakula kama ndege. Mtu akikuuliza hivyo huku amekushikia chupa ya kumi, Shangazi, nguvu inatoka wapi? Nikakaa chini kwenye sakafu, nikamwambia kila kitu, hata ile nukta tatu ya bomba la saba. Nikamaliza kwa kumwambia asiwe na shida, jina lake halitatajwa.

Hakulia. Nilifikiri atalia. Aliiweka chupa chini, akaniuliza, "Watu wamekunywa siku ngapi?"

"Wiki nne, Bibi."

Akaifunga khanga kiunoni. Kisha akasema lile neno ambalo nitakuwa nalo hata nikizeeka: "Na wewe unataka kunificha nyuma? Nimefichwa nyuma miaka ishirini na sita. Nipe viatu."

Mama alitaka kusema kitu. Bibi alimwangalia tu. Baba alikuwa amesimama na nyundo, hajui hata kinachoendelea. Tukatoka, mimi na kikapu, yeye na ndoo yake ya kumalizia, ile ile, na chupa ya dawa ndani yake. Nilimwambia ndoo si lazima. Akasema mtu haendi kushtakiwa bila ushahidi.

Tulipitia mtaa wa juu kwanza. Kwenye bomba la saba nilimwambia mama wa mapacha asinywe maji bila kuyachemsha, na kwamba niliyokuwa nikimwambia hayakuwa kweli. Hakuniita daktari. Alinitazama, akauchukua ule ujumbe akaupeleka nyuma ya foleni, watu wakaupokezana. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje: hajambo, tumbo limetulia. Lakini alinijibu hivyo akiwa ameshanipa mgongo.

Kwenye lango la maabara mlinzi, kijana mgeni asiyemjua, akamwona Bibi na ndoo akamwelekeza kwa kidole: "Mama, wa usafi wanapita nyuma." Bibi akamwambia, "Naijua njia ya nyuma tangu kabla hujazaliwa, mwanangu. Leo nina neno na mkuu." Akapanda ngazi za mbele. Kishikio hakuna, alinishika bega. Hakukuwa na wageni wala maua wala kiti cha mbele. Kulikuwa na mfagizi mmoja anapiga deki, naye akamwambia aangalie, sakafu inateleza.

Miwani Mbili alitusikiliza akiwa amesimama. Mimi nilianza, nikasema sikusuuza, nikasema na lile la bomba la saba. Bibi akaweka ndoo juu ya meza yake, pale pale kwenye makaratasi, akasema dawa alitia yeye, kifuniko kimoja, kila jioni, bila kuulizwa. Mzee akavua miwani ya machoni, akavaa ile ya kichwani, akamtazama Bibi kwa muda. Bibi akamwambia, "Koti lako lilikuwa na doa la wino mfuko wa kushoto. Halikutoka kamwe." Na yule mzee, Shangazi, akajishika mfuko wa kushoto.

Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alimpigia simu mhandisi, mafundi wakapanda kwenye tangi, na kabla ya adhuhuri majibu yakarudi: mrija wa ile mashine umeziba, na ndani ya pipa la dawa ujazo ni ule ule waliouacha mwezi uliopita. Tone halijashuka. Kisha akanipa kalamu nyekundu, akanipeleka mbele ya karatasi ukutani, na mbele ya wenzangu wote nikapiga mstari juu ya namba zangu, moja moja, kwa mkono wangu. Visanduku mia moja na tisini na tisa. Kwenye kile cha bomba la saba cha Ijumaa iliyopita aliniambia nisipige mstari, niandike sifuri, kwa sababu hiyo ndiyo namba pekee ya kweli niliyowahi kuipata.

Halafu akanirudisha mtaa wa juu na chupa mpya kumi. Bibi akakataa kwenda nyumbani. Maji yalikuwa yameshakatika, lakini mafundi walikuwa wameyafungulia tena ili waipime mashine waliyoizibua, na foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, imechafuka roho. Nikasuuza mara ya kwanza, mzee wa madumu akaanza. Bibi akasimama kati yake na mimi, akashika kiuno. "Mwache amwage! Akimwaga kidogo leo hutaumwa kesho. Kama yanakuuma, kinga kwa ndoo yangu." Na kweli, maji yote niliyomwaga aliyakinga kwenye ile ndoo yake, akayagawa kwenye foleni wakamwagilie mboga. Mara tatu, mabomba kumi, hakuna aliyenung'unika tena. Wiki nne nzima hilo halikunijia kichwani.

Nafasi amepewa Kikokotoo. Kumbe namba zilizokuwa zinayumba ndizo zilizokuwa za kweli. Alinifuata kwenye sinki, amekasirika, akasema angependa kunishinda vizuri. Mimi cheti sipati. Miwani Mbili ameniambia naweza kurudi likizo ijayo kuomba upya kama mtu mwingine yeyote, na insha iwe na habari za chupa. Sijui kama nitapata, na sijui utanionaje baada ya kuhangaika na ile insha mara tatu. Hilo ndilo linaniumiza kuliko fremu.

Fremu bado iko ukutani. Baba amesikia yote, anapiga randa huko karakana tangu saa nane. Mama amekunja gauni. Nyumba ni ndogo vile vile, lakini leo nimekula sahani nzima.

Nilimwambia Bibi kwamba kesho hakuna haja ya kwenda, jina langu halitasomwa. Alikuwa anavipaka rangi viatu vyake kwa mara ya nne, vumbi la mtaa wa juu limevichosha. Hakuinua hata kichwa. "Kwa hiyo?" akasema. "Mlango nimeshaupita leo. Kesho nataka kiti."

Basi tutakwenda. Nitakaa naye.

Nisalimie mume wako, na wale mabinamu zangu wawili, mdogo mwambie meno ya mbele yataota tu asiyasukume kwa ulimi. Baba, Mama na Bibi wanakusalimu sana. Bibi anasema ukirudi usije na zawadi, njoo na mguu mzima. Mungu akuponye, akulinde kwenye ngazi zote, na akupe moyo wa kunisamehe kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu.

Ni mimi, nikupendaye hata siku ambazo sistahili jina ulilonipa,

Kwanini.